Radhi ya Hewani

Ukweli usemwe mapema: hewa ya Lamu haikuwa na msongamano wowote. Nairobi huko, mtu akikuambia masafa ya redio yamejaa, utamwelewa. Lakini Amu, kama wenyewe wanavyoiita Lamu, na visiwa jirani, watu wenye leseni ya redio za ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu bila mshahara wala tangazo, ungeweza kuwaalika wote chakula cha mchana na sinia moja likawatosha. Hewa yao ilikuwa tupu kama uwanja wa skuli siku ya Idi. Na bado walikaa kikao, wakanywa kahawa, wakajadili kwa uso mkavu namna ya kubana nafasi.

Aliyeleta fikra hiyo ni Wazir, mwenye nyumba ya wageni kule Shela. Mgeni wake mmoja, mhandisi, alimpa ripita mpya ya dijitali. Ripita ndiyo ule mtambo unaodaka sauti ya redio ndogo na kuirusha tena kwa nguvu ili ifike mbali. Waliyokuwa nayo, iliyokaa miaka juu ya dari la nyumba ya Mselem, ilikuwa ya analogi. Chaneli nzima iliishia kwa watu wawili tu. Hii mpya ingeukata wakati vipande vidogo kuliko kupepesa jicho, ikampa huyu kipande na yule kipande, mpaka mazungumzo mawili yakapita pale palipokuwa pakipita moja. Wazir alieleza kwa mikono yote miwili, kama muuza samaki. Masafa ni mali ya umma, alisema, na mali haifujwi.

Hakuna aliyemuuliza hayo mazungumzo ya pili yangekuwa ya nani.

Mselem ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Mtu wa mtaa wa Mkomani, mwenye duka la vyombo vya umeme, na mwenye maradhi ya kupenda vitu vipya. Kitu kipya kikimpita bila yeye kukishika, hupata homa. Alikubali kabla Wazir hajamaliza kusema. Lakini moyoni kulikuwa na jambo likimkuna, na jambo lenyewe lilikuwa Shuaib.

Shuaib alikuwa Siyu, kisiwani Pate, fundi wa makubadhi ya ngozi. Yeye na Mselem walisomea mtihani wa leseni pamoja, zamani, wakati Shuaib bado ana macho. Kisha presha ya macho ikamla, jicho moja likafuata jingine, na dunia yake ikabaki mikononi na masikioni. Ngozi alishona kwa kupapasa. Watu aliwajua kwa sauti. Kila asubuhi, jua likishatoka, alikuwa akiwasha redio yake na kumwita Mselem, wakazungumza mpaka chai ipoe. Na hakuhitaji kuambiwa habari. Mselem akitoa salamu tu, Shuaib alishajua kwamba jana hakulala, au amegombana na mkewe, au jino limeanza tena. Kati yao palikuwa na bahari na mikoko na mngurumo wa hewani usiokwisha, na Shuaib aliyasikia hayo yote katikati ya mngurumo.

Sasa dijitali haibebi sauti. Hubeba maelezo ya sauti. Chombo cha huku humsikiliza mtu, kikayaandika kwa mkato yale kinayoyaona ni ya maana, kikayatupa mengine. Na chombo cha kule husoma mkato huo kikaunda sauti yake chenyewe. Ni sawa na mtu kukusimulia biriani badala ya kukupakulia. Mngurumo wote huondoka, hilo kweli. Huondoka na mengine mengi.

Siku ya majaribio walikusanyika juu kwa Mselem, na sauti ikaingia kutoka Shela, safi, kavu, bila hata chembe ya kelele. Wakapongezana. Bi Hindu, mke wa Mselem, alikuwa amepanda na birika. Akauliza ni nani huyo aliyezibwa pua. Wakamwambia ni Wazir. Wazir ni mtoto wa ami yake Bi Hindu, amecheza naye toka utotoni. Wakamwonyesha kioo kidogo cha redio, jina la Wazir limeandikwa hapo kwa herufi za kung'aa.

"Basi nyinyi mwasoma," alisema Bi Hindu. "Hamsikii."

Walicheka, naye akamimina kahawa.

Hapo ndipo Mselem alipolitaja jambo la Shuaib. Kipofu atasoma kioo gani? Kikao kikakubaliana vizuri tu: ripita ya zamani haitazimwa mpaka Mselem aende Siyu mwenyewe, akae na Shuaib, amtie chombo kipya mkononi, amfundishe kila kitufe kwa kidole. Asubuhi yake Mselem akamwambia Shuaib hewani kwamba hakitazimwa kitu mpaka aje kwa miguu yake. Shuaib akajibu kwamba atamngojea, na makubadhi mapya yako tayari, asije pekupeku kama mara ile.

Ahadi ni deni, na Mselem alikuwa mdeni wa kawaida: hakukataa kulipa, alisema kesho. Wiki hii arusi. Wiki ile mzigo wa duka. Kisha mhandisi wa Wazir akawa anaondoka, na yeye ndiye aliyejua kuufunga ule mtambo. Wazir akapiga simu, haraka haraka, leo au basi. Mselem akasema haya. Wakaizima ya zamani, wakaiwasha mpya kwenye chaneli ile ile. Mselem akamtumia Mahir, mtoto wa Shuaib, ujumbe wa simu: mwambie babako tumebadilisha, nitakuja hivi karibuni. Mahir alikuwa mtu mzima mwenye wake na watoto, akiendesha bodaboda kati ya Mtangawanda na Siyu. Alijibu kwa alama ya dole gumba. Mselem akaona kazi imekwisha.

Haukupita muda Wazir akaanza kulalamika. Kila asubuhi, jua likishatoka, ripita yao mpya ilikuwa ikiziba. Sauti zinakatika, majina yanapotea kiooni. Kuna mtu anaichafua chaneli, alisema, na mwenyekiti ni lazima amtafute. Redio mpya hazingeweza kumsikia mtu huyo. Zenyewe huelewa lugha yao tu. Ikabidi Mselem alifungue kabati, aitoe redio yake ya analogi, aipanguse vumbi na kuiunga kwenye antena ndefu ya juu.

Mngurumo ukamjaa chumbani, kama mafuta ya moto yakitiwa maandazi. Na ndani ya mngurumo, kwa mbali, wazi kwa sikio lililozoea, Shuaib.

"Mselem wa Amu. Mselem wa Amu. Hapa Shuaib, Siyu. Mimi sikusikii, lakini huenda wewe wanisikia."

Kisha akaendelea, kama desturi yao. Ngozi ya mbuzi ya Bwana Madi ilioza kwa kupungukiwa chumvi. Mjukuu ameota jino. Makubadhi ameyapaka mafuta tena, yasikauke. Alimaliza, akaachia kitufe na kunyamaza, muda ule ule ambao mtu mwenye adabu humpa mwenzake ajibu. Kisha akaita tena.

Kidole cha Mselem kilikuwa juu ya kitufe cha kusemea. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingebidi lifuatwe na jingine, kwamba hakuja, kwamba alizima kabla ya kuja. Na Wazir na wenziwe wangeona mwenyekiti akirudia analogi aliyoizima yeye mwenyewe, akiiziba ripita yao kwa gumzo na huyo huyo anayeichafua. Haya ilimshika pabaya. Iko haya inayomzuia mtu asitende ovu, na iko inayomzuia asilitengeneze. Mselem akaipunguza sauti kidogo kidogo, mpaka Shuaib akaisha.

Alimwambia Wazir kwamba aliyekuwa akiziba ni Shuaib, hajui, masikini. Wazir si mtu mbaya. Mara moja alitoa redio mpya ya dijitali kwa gharama yake, akaitia jina la Shuaib, akampa Mahir alipokuja Amu kununua vipuri, na akamwomba amsaidie mzee aache chaneli. Kesho yake uchafu ukakoma. Siku chache baadaye jina SHUAIB likang'aa kwenye kioo cha Mselem, na sauti ile kavu ya wote ikasema salamu alaikum, sote wazima, Siyu. Mselem alifurahi kupita kiasi. Salamu zilikuwa fupi, na siku nyingine hazikuja kabisa, akajiambia kwamba mzee anajifunza. Mtu akitaka kudanganyika, hahitaji msaada mkubwa.

Mwaka huo jina la Mselem likatoka katika wanaokwenda Hija.

Desturi ya Amu inajulikana. Hendi mtu kusimama mbele ya Mola wake na huku nyuma ameacha watu wana donge naye. Kabla ya safari huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi: jamaa, jirani, mdai na mdaiwa. Haki ya Mungu Mungu husamehe. Haki ya mja husamehe mja mwenyewe. Bi Hindu alimwambia aanze na Siyu, amalizie kwa wa karibu. Mselem akaanza na wa karibu. Alimwomba radhi hata jirani aliyegombana naye kwa sababu ya mfereji wa mvua, mtu ambaye alikuwa hamwamkii. Kila alipotoka mlangoni alijihisi mwepesi, na kila alipojihisi mwepesi, Siyu ilizidi kuwa nzito. Kila siku alikuwa akikohoa, maana vumbi la dukani lilikuwa limemwingia kifuani, na kikohozi kikawa udhuru wa kutopanda mashua. Mpaka ikabaki safari ni kesho.

Basi akapanda juu na redio mpya mkononi. Kuomba radhi ni kusema, alijiambia, na hiki ni chombo cha kusemea. Akabonyeza.

"Shuaib, ndugu yangu. Nalikuahidi kuya, sikuya. Nalikusikia ukiniita, nikanyamaa. Kesho naenda Makka. Nakuomba radhi."

Pakawa kimya. Kimya cha dijitali si kama kile cha zamani kilichokuwa na mngurumo ndani yake, ukajua mwenzako yupo. Hiki ni kimya cha kaburi. Mselem akasimama akikitazama kioo. Mara jina likawaka, SHUAIB, na sauti ikaja, sawasawa, kila neno mahali pake.

"Nimekusamehe, Bwana Mselem. Duniani na akhera. Nenda salama."

Alilia. Mzee mzima alikaa kwenye sakafu ya moto juu ya nyumba yake akalia kwa faraja, akateremka na macho mekundu kumwambia mkewe. Bi Hindu alikuwa akikunja nguo za ihramu. Aliuliza kama Shuaib amemuuliza habari ya kikohozi. Mselem akasema la, hakuuliza. Bi Hindu akaendelea kukunja.

Makka alikwenda, akasimama Arafa, akamwombea Shuaib kwa jina kabla ya watu wote wa familia yake. Akamwombea macho. Akarudi Amu salama, nyumba ikajaa wageni siku na siku, maana mwenye kutoka Hija dua yake inatafutwa. Walikuja hadi watu wa Faza na Kizingitini. Siyu walikuja wengi. Shuaib hakuja, wala hakutuma salamu, wala jina lake halikuwaka tena kiooni. Mselem akauliza hali yake kwa watu wa Siyu, wakasema mzima, kisha wakabadilisha maneno.

Safari hii hakusema kesho. Alitia chupa ya maji ya Zamzam mkobani, akapanda mashua ya abiria, akashuka gatini Mtangawanda jua likiwa kali. Mahir alikuwa hapo na pikipiki yake, akingojea abiria. Alipomwona, alishuka akambusu mkono, akampongeza kwa Hija, na akakataa kabisa kumtazama usoni. Mselem akapanda nyuma. Walipofika kwenye mashamba ya minazi, kabla ya Siyu, Mahir akasimamisha pikipiki na kuizima.

Alisema ami amsikilize kwanza, kisha amtukane akitaka. Ile radhi ya redioni aliitoa yeye, Mahir.

Alieleza yote akiwa ameushika usukani. Ujumbe wa kuzimwa alimfikishia babake siku ile ile. Babake akasema Mselem ameahidi kuja mwenyewe, basi mpaka aje, haijazimwa. Mahir, alisema, hajui mambo. Akaendelea kuita kila asubuhi, akizungumza peke yake kama muadhini wa msikiti uliohamwa, na watu wakipita wakimcheka, wakisema mzee sasa ni akili imefuata macho. Wazir alipoomba uchafu ukome, Mahir hakuwa na moyo wa kumnyang'anya babake redio. Akafungua waya wa antena kwa nyuma, akaiacha redio ikiwaka. Mzee akaendelea kuita, na sauti yake haikufika hata kisimani. Redio mpya mzee aliishika mara moja, akasikia sauti moja kwa watu watatu, akairudisha. Salamu zile fupi zilikuwa za Mahir, asije Wazir akaona zawadi yake imetupwa.

Mselem akamuuliza jambo moja tu, kama siku ile ya radhi mzee alikuwepo.

"Alikuwepo, ami. Nilimwekea redio sikioni, akakusikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza nani huyo anenao. Nikamwambia ni ami Mselem. Akasema, huyu si Mselem. Mselem akitaka radhi huya. Akanyanyuka akaenda kutawadha." Mahir akafuta jasho. "Wewe ulikuwa ukingojea. Nikaona safari ya Hija isiharibike kwa neno. Uongo wa kusuluhisha watu si dhambi, ami, tumesomeshwa hivyo."

Mselem hakumtukana. Angemtukana kwa lipi? Kijana alifanya kwa ulimi yale ambayo mtambo ulifanya kwa sauti: alitunga kilichokosekana, akakifikisha safi. Alimwambia tu awashe pikipiki.

Shuaib alikuwa barazani kwake, kipande cha ngozi juu ya paja, sindano mkononi. Redio ya zamani ilikuwa ndani kwenye rafu, imefunikwa kitambaa. Alipojua kwamba Mselem amekwisha kwenda Makka, Mahir alisema, ndipo alipoacha kuita. Mselem alifika akataka kutoa salamu, kikohozi kikamtangulia.

"Kifua hicho ukitafutie dawa, Bwana Haji," alisema Shuaib, bila kuacha kushona. "Karibu. Kaa."

Alimjua kwa kikohozi. Mselem akakaa, na ile Bwana Haji ikamchoma, maana katika umri wao wote Shuaib hakuwahi kumwita Bwana kitu. Kahawa ikaletwa. Shuaib akamuuliza habari za Makka, joto lake, watu wake, kwa heshima zote, kama amuulizavyo mgeni wa watu. Mselem akajibu mpaka maneno yakamwisha. Kisha akaweka kikombe chini na kusema alichokuja kusema, mara hii mdomo kwa sikio, akasema alimsikia asubuhi ile akiita, akaipunguza sauti kwa mkono wake. Hakuacha kitu. Akaomba radhi.

Sindano ikasimama.

"Kulla asubuhi nalikaa hapa na radhi yako mkononi," alisema Shuaib. "Sikutaka uniombe. Nalitaka uitike tu, hata kwa kukohoa, nikupe. Watu wakanicheka, nikasema wacheni, Mselem anisikia. Na kumbe kweli wewe wanisikia." Akanyamaza kidogo, muda wa mtu mwenye adabu, kisha akaendelea. "Sasa ushahiji, Bwana. Ushasimama Arafa, ushasamehewa na Mola wako. Radhi ya Shuaib waitakia nini tena?"

Mselem akauvuta mkoba wake. Aliufungua, akaitoa chupa ya Zamzam, akaiweka juu ya mkeka karibu na goti la mwenzake, kwa mikono miwili, akasema ni maji ya Makka, amemletea yeye, yeye wa kwanza.

Shuaib akanyoosha mkono, akaipapasa chupa toka chini mpaka kifunikoni, taratibu, kama apapasavyo ngozi kujua ni ya mnyama gani. Akaisukuma kurudi upande ilikotoka.

"Mpe Mahir," alisema. "Ndiye mliyesameheana naye."